Kumlisha Aliyepasuliwa Tumbo ni Amana



Kila sifa njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba kwa umbo zuri, akatupa vinywa vya kulia na matumbo yanayofanya kazi usiku na mchana bila sisi kuyaamrisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Ndugu zangu katika imani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Allah katika haki zake na katika haki za waja wake. Na miongoni mwa waja wenye haki kubwa juu yetu ni mgonjwa.

Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea kisa cha bibi wa Kiansari aitwaye Umm al-Mundhir (r.a.). Mtume (s.a.w.) alifika nyumbani kwake akiwa na Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuugua na bado nguvu hazijamrudia. Palikuwa na vishada vya tende vimetundikwa. Mtume akaanza kula, na Ali naye akainuka ale. Mtume akamzuia, akamkumbusha kwamba mwili wake ungali dhaifu, na Ali akaacha. Umm al-Mundhir akaingia kupika shayiri na mboga ya majani. Kilipoletwa chakula hicho, Mtume akamwelekeza Ali ale, kwa kuwa hicho kilimfaa zaidi.

Tuzingatie mambo matatu katika kisa hiki. Tende zile zilikuwa halali na tamu, na hata hivyo hazikumfaa mtu yule siku ile. Kisha, Ali hakuachwa na njaa: alikatazwa kimoja akapewa kingine kilicho bora kwake. Na la tatu, alikuwepo mtu aliyewasha moto na kupika kwa ajili yake. Kuchagua, kulisha na kuhudumia: hayo ndiyo ninayotaka tuyapeleke leo kwa mgonjwa mmoja maalumu, naye ni yule anayefanyiwa operesheni ya tumbo.

Mgonjwa huyu tunamjua. Yuko aliyepasuliwa kidole tumbo, aliyekabwa na ngiri, na mzee aliyejisokota utumbo. Yuko aliyekaa na vidonda vya tumbo miaka mingi mpaka siku kimoja kikatoboka. Yuko kijana wa homa ya matumbo, ambaye vijidudu vimemchimba vidonda mwishoni mwa utumbo mwembamba na kuutoboa, mara nyingi katika wiki ya tatu ya homa, wakati amekwisha kukonda na kuishiwa nguvu. Yuko mwenye saratani ya umio, maradhi yanayosumbua sana ukanda wetu wa Afrika Mashariki, ambaye ameanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha wali, kisha uji, na anafika hospitali hata maji hayapiti. Wote hawa ugonjwa umewapiga pale pale chakula kinapopita. Anayeumwa mguu hula akitafuta nguvu. Wao njia yenyewe ya chakula ndiyo imeumia, na ndio wanaokihitaji chakula kuliko wengi wetu.

Na tusidhani kwamba mambo haya ni mageni kwa umma wetu. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu 30, na ya mwisho akaifanya ya upasuaji; humo alieleza namna ya kushona tumbo lililopasuka na utumbo uliojeruhiwa. Ibn Zuhr wa Seville, aliyefariki mwaka 1162, aliueleza uvimbe unaoziba umio, na akataja kumlisha mgonjwa asiyeweza kumeza kwa mrija wa fedha uliopitishwa kooni. Hao ni Waislamu waliosujudu kama tusujudivyo, na hawakuona kutafuta njia ya kumfikishia mgonjwa chakula kuwa kunapunguza tawakkul yao. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama watafute dawa, aliwaamuru watafute, akawafahamisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba. Na chakula cha mgonjwa wa upasuaji ni sehemu ya tiba hiyo.

Elewa kazi ya chakula hicho. Mpasuaji ni fundi: ameondoa kilichooza, ameunganisha kilichokatika, amefunga. Lakini uzi aliotumia unashikilia kwa muda tu. Saruji ya kuunga nyama kwa nyama hutengenezwa na mwili wenyewe, na malighafi yake ni protini ya nyama, samaki, mayai, maziwa na kunde, pamoja na vitamini C ya matunda na mboga, na madini kama zinki. Mwili usipoletewa hayo, hauketi kungoja. Huanza kubomoa misuli yake ili upate pa kutoa. Misuli ya mapaja hulegea na mgonjwa akashindwa kusimama. Misuli ya kifua hudhoofu, akashindwa kukohoa sawasawa, na makohozi yakatulia mapafuni yakaleta nimonia. Askari wa kinga hupungua, kidonda kikatunga usaha. Na ikiwa mshono wa utumbo haukuunga, kilichomo hummwagikia tumboni, na ikabidi arudishwe chumba cha upasuaji akiwa dhaifu kuliko mara ya kwanza.

Mwaka 1936 daktari wa Marekani, Hiram Studley, aliangalia wagonjwa wake waliopasuliwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Katika wale waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya operesheni, alikufa mmoja kati ya kila watatu. Katika wale ambao hawakukonda kiasi hicho, waliokufa hawakufika wanne kati ya mia. Uhai na mauti viko mikononi mwa Allah, lakini Allah ameweka sababu, na kuzipuuza sababu alizoziweka ni kukosa adabu kwake. Qur'ani imetukataza kujitupa wenyewe kwenye maangamizi; je, vipi kumtupa mgonjwa asiyeweza kujitetea?

Basi tumfuate mgonjwa wetu hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kabla ya operesheni. Usingoje siku ya kulazwa. Ukimwona baba yako mkanda umeingia tundu jipya, pete inacheza kidoleni, kanzu imekuwa kubwa mabegani, mpeleke na umwambie daktari waziwazi: amepungua kiasi gani, na kwa muda gani. Aliyepoteza zaidi ya kilo moja katika kila kumi za uzito wake ndani ya miezi sita yuko katika hatari. Kwa mgonjwa kama huyo, ikiwa operesheni si ya dharura, miongozo ya wataalamu inashauri alishwe kwanza kwa siku 7 hadi 14, hata ikibidi kuahirisha. Jamaa wanapoambiwa hivyo hulalamika kwamba wanazungushwa. Ndugu zangu, siku hizo hazijapotea. Ni siku za kumjengea mtu wenu nguvu ya kuuvuka mto, na nyinyi ndio wajenzi.

Katika siku hizo, mwenye mazoea ya kufunga Jumatatu na Alhamisi apumzike. Swaumu ya sunna ina thawabu, lakini kuuandaa mwili kwa tiba ni ibada pia kwa mwenye nia njema. Mvutaji sigara aache, na wiki nne kabla ya operesheni zina manufaa makubwa kwa kidonda na mapafu. Anayeweza kuacha wiki nne, aombe Allah amwezeshe kuacha moja kwa moja.

Hapa kuna tahadhari ambayo watu wengi hawaijui. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula chochote cha maana, mfano yule ambaye umio wake ulikuwa umeziba, asivamiwe na sinia. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga na sukari nyingi kwa ghafla, madini ya damu hushuka haraka, na moyo unaweza kushindwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mateka walioachiwa huru wakiwa mifupa mitupu walipewa chakula kingi kwa huruma, na baadhi yao wakafa kwa kukila. Huruma isiyo na elimu inaweza kuua. Mtu kama huyo huanzishiwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa wauguzi, pamoja na vitamini na madini anayopimiwa.

Hatua ya pili ni usiku wa kuamkia operesheni. Wengi tumelelewa na agizo la kutokula wala kunywa tangu jioni. Sababu yake ni ya kweli: mtu akilazwa usingizi wa dawa ilhali tumbo lina chakula, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Lakini utafiti umeonyesha kwamba kwa mgonjwa ambaye tumbo lake linashusha chakula kawaida, saa sita bila chakula na saa mbili bila maji zinatosha. Saa mbili kabla ya dawa ya usingizi, maji, chai ya rangi au juisi iliyochujwa isiyo na nyuzi vinakuwa vimekwisha pita. Maziwa na uji vinahesabiwa kuwa chakula. Kwa hiyo muulize muuguzi au daktari wa usingizi: mwisho wangu wa kula ni saa ngapi, na mwisho wa kunywa ni saa ngapi? Kuuliza hivyo si utovu wa heshima. Mzee wa miaka 70 kukaa na kiu tangu magharibi hadi alasiri ya siku ya pili yake ni mateso ambayo mara nyingi yangeepukika kwa swali moja. Ila ambaye utumbo wake umeziba, au anayetapika, hukumu yake ni nyingine, na atakaloambiwa na daktari wake ndilo la kufuata.

Hatua ya tatu ni siku za mwanzo baada ya kupasuliwa, na hapa ndipo sisi jamaa tunapokosea kwa pande mbili.

Upande mmoja ni wa wanaozidisha. Mgonjwa ana mpira wa puani, ameandikiwa asiingize kitu mdomoni, shangazi anafunga pazia na kumnywesha vijiko vya uji kwa siri, kwa kuwa haoni mtu akiishi kwa dripu. Mwingine ameleta kombe lililosomewa na kuandikwa kwa zafarani, au maji ya Zamzam kutoka Makka, na anataka yamfike mgonjwa sasa hivi. Nasema kwa heshima kubwa kwa wazee wangu: mshono wa utumbo haubagui maji. Ikiwa daktari amezuia kunywa, basi amezuia na hilo. Mwulizeni muuguzi, na akiruhusu mpeni. Akizuia, wekeni chupa pembeni hadi siku itakapofunguliwa. Dua haihitaji kupita kooni. Mkae karibu naye, mweke mkono juu yake kwa upole, msome Fatiha na mumwombee shifaa, na Allah anasikia.

Upande wa pili ni wa wanaopunguza. Wao husubiri mgonjwa atoe upepo, au apate choo, ndipo waamini kwamba utumbo umeamka. Zamani hata mahospitalini ilikuwa hivyo. Tangu miaka ya 1990, daktari wa Denmark aitwaye Henrik Kehlet na wenzake waliomfuata walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa operesheni za utumbo zilizopangwa hupona upesi zaidi wakiruhusiwa kunywa na kula mapema, mara nyingi ndani ya saa 24, wakiinuliwa kitandani, wakitembezwa, na wakipunguziwa maumivu ipasavyo. Chakula chenyewe huuamsha utumbo. Hata kutafuna ubani au bablishi huusaidia, kwa sababu utumbo hudhani chakula kinakuja. Kwa hiyo daktari akisema leo aanze, msimhofie daktari. Mpeni.

Mnampaje? Hapa tuirejee Sunna. Imepokewa kwa Tirmidhi na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alitukataza kuwalazimisha wagonjwa wetu kula na kunywa. Wakati huo huo, Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba talbina, uji wa unga wa shayiri, unautuliza moyo wa mgonjwa. Mafundisho haya mawili yanakwenda pamoja: usimkabe mtu kwa kijiko, na usimwache bila kijiko. Mletee kidogo, laini, chenye harufu nzuri, mara sita kwa siku badala ya sahani mbili za kujaza. Akikataa saa nne, jaribu saa sita. Kaa ule naye kama unaweza, kwa maana chakula cha peke yake wodini hakina ladha. Akitapika, tumbo likijaa na kukaza, au maumivu yakizidi, acha kumpa na umwite muuguzi.

Na wale wanaolishwa kwa mpira, uwe wa puani au ule unaoingia tumboni moja kwa moja, hao wanakula kama sisi, ila mlango umebadilika. Uji wao uchujwe vizuri. Anapolishwa ainuliwe kichwa na mabega, abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima. Mpira usafishwe kwa maji safi kabla na baada, usije ukaziba. Chakula kilichokaa nje kwenye joto letu kimwagwe. Na anayeshika bomba anawe mikono kwa sabuni, kwani unadhifu ni sehemu ya dini yetu.

Hatua ya nne ni nyumbani, na hapa jukumu lote linahamia jikoni kwetu. Dada zangu na mama zangu, thawabu nyingi za sehemu hii ni zenu. Na nyinyi waume msiseme kwamba jiko halituhusu, maana pesa ya samaki inatoka mfukoni.

Wataalamu wanapendekeza kwa anayepona upasuaji mkubwa kiasi cha gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90. Tuone zinavyopatikana kwa vyakula vya sokoni kwetu. Mayai mawili ni kama gramu 12. Glasi mbili za maziwa, 16. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, gramu 100 hivi, kina kama 22. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Konzi ya karanga, 7. Jumla ni 72, na hakuna humo kitu cha duka la dawa wala kopo la bei ya kutisha. Asiyeweza samaki mbichi ana dagaa, ambao ukiwakausha na kuwasaga vizuri unaweza kuwatia kwenye uji au mchuzi bila mgonjwa kuhisi miba. Mwenye maradhi ya figo au kisukari aulize kwanza, kwani hesabu yake ni nyingine.

Sasa tulinganishe na kapu tunalopeleka hospitali tunapozuru: soda mbili, pakiti ya biskuti, juisi ya boksi. Tunapeleka sukari kwa mtu anayehitaji protini. Na tukipeleka supu, tunamnywesha maji ya juu kwa imani kwamba nguvu yote imo humo, nyama tunakula sisi. Ndugu zangu, maji yale yana chumvi na ladha nzuri, na yanafungua hamu ya kula, lakini sehemu kubwa ya protini imebaki kwenye nyama chini ya sufuria. Isage, ichambue, mpe na nyama yake. Uji nao ukiwa mtupu ni maji na wanga. Tia maziwa, tia karanga zilizosagwa, tia kijiko cha mafuta, ndipo uwe chakula cha mjenzi.

Kuna hali zinazotaka uangalifu wa pekee. Aliyetolewa tumbo, lote au sehemu, akinywa soda au chai yenye sukari nyingi, hata asali ambayo Qur'ani imeitaja kuwa ina shifaa, huenda moyo ukamwenda mbio, akatoka jasho, akapata kuharisha, kwa sababu sukari inashuka utumboni kwa pamoja bila kizuizi. Huyu ale kidogo kidogo, na maji ayanywe nusu saa kabla au baada ya chakula. Aliyetolewa tumbo lote atahitaji sindano za vitamini B12 maisha yake yote. Asiziache kwa kuwa anajiona mzima, kwani upungufu wake huja polepole na huharibu damu na mishipa ya fahamu. Na aliyewekewa mfuko ubavuni kutoka kwenye utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi nyingi, na maji matupu hayamtoshi. Awe na pakiti za ORS nyumbani. Katika wiki zake za mwanzo aepuke vipande vya nazi, mahindi ya kuchoma, uyoga na nyuzi za machungwa, kwani vinaweza kuuziba mlango mpya. Atafune sana, na aongeze chakula kipya kimoja kimoja.

Ndugu zangu, kuhusu mwenye mfuko huo, nina neno. Kuna watu wameacha kuja msikitini kwa sababu yake, wakihofia harufu, wakihofia macho ya watu, wakidhani sala yao haisihi. Sala yao inasihi. Mafakihi wetu wa Kishafi wameeleza hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu: anajisafisha kadiri awezavyo, anatawadha baada ya wakati wa sala kuingia, anasali bila kukawia, na kinachotoka bila hiari yake hakibatilishi sala hiyo. Aliyefungwa bandeji ana hukumu ya kupangusa na ya kutayamamu, na asiyeweza kusimama anasali ameketi au amelala. Muulizeni imamu, atakupeni ufafanuzi wa kila hali. Na sisi tulio safuni tumpe nafasi, tumsalimie, tusisogee. Anayemfanya mgonjwa aone haya kuingia nyumba ya Allah amejibebesha mzigo mzito.

Vivyo hivyo Ramadhani. Allah mwenyewe, katika Sura ya al-Baqara, amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Aliyeshonwa utumbo wiki chache zilizopita, akilazimisha kufunga kwa kuona haya mbele ya jirani, ameikataa zawadi ya Mola wake. Akitarajiwa kupona atalipa. Asiyetarajiwa kupona atatoa fidya. Na mke asimfiche mumewe anayekula mchana kama mwizi. Amwandalie kwa uso mkunjufu, kwani anamsaidia kutii ruhusa ya Allah.

Nimalizie na wajibu wetu sote kama jamii. Katika Sahihi Muslim imo hadithi tukufu inayotueleza kwamba Siku ya Kiyama Allah atamuuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, na kwa nini hakumlisha alipoombwa chakula. Na mja atashangaa, vipi Mola wa viumbe azuriwe na alishwe? Ndipo atakapofahamishwa kwamba mja fulani aliugua na hakuzuriwa, na fulani aliomba chakula na hakulishwa. Kuzuru na kulisha vimetajwa mahali pamoja. Mgonjwa wa upasuaji amekusanya vyote viwili katika kitanda kimoja.

Waliotangulia walilifahamu hilo. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu, na chakula cha wagonjwa kikawa miongoni mwa matumizi ya wakfu huo, tajiri na maskini sawa. Hapa kwetu, Sewa Haji, mfanyabiashara Mwislamu wa Bagamoyo, alitoa mali yake katika karne ya 19 kwa ajili ya hospitali, na jina lake lipo hadi leo Muhimbili. Mwaka 1897 alifariki, na bado watu wanatibiwa chini ya jina lake.

Sisi hatuna mali ya sultani, lakini tuna Ijumaa 52 kwa mwaka. Katika hospitali zetu nyingi chakula cha mgonjwa hutegemea sana kinacholetwa na ndugu zake, na yuko aliyetoka mbali ambaye ndugu zake wameshindwa nauli. Napendekeza mambo manne, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Sehemu ya sadaka ya Ijumaa itengwe kwa mayai, maziwa na samaki wa wagonjwa. Kina mama wenye nafasi wapange zamu ya kupika, wakiwasiliana kwanza na wauguzi wajue nani anaruhusiwa kula nini. Mwenye kutoa zaka amkumbuke mgonjwa fakiri, maana ugonjwa haumwondoi katika haki yake. Na kila mmoja wetu anapokwenda kuzuru, aulize kabla ya kubeba: anakula nini sasa? Akifika, asikae sana, asimwambie mgonjwa jinsi alivyokonda, na asimhadithie waliokufa kwa operesheni kama yake. Ampe tumaini, amwombee, aache chakula chenye manufaa, aondoke.

Umm al-Mundhir hakuwa tabibu. Alikuwa na jiko, shayiri, mboga na moyo wa kutumikia, naye ametajwa katika vitabu vya hadithi zaidi ya miaka 1,400 baadaye kwa chungu kimoja alichompikia mtu anayepona. Jiko kila mmoja wetu analo.

Ewe Mola wetu, wewe ndiye Mponyaji, hakuna uponyaji ila wako. Waponye wagonjwa wetu walio wodini na walio majumbani. Iongoze mikono ya wapasuaji wetu, uwape subira wauguzi wetu, uwazidishie ujira wanaowauguza wazazi wao usiku. Wajaalie wenye majeraha waungike, waliokonda wanenepe, waliokata tamaa watumaini. Uwarehemu waliotutangulia kwa maradhi haya, uwaandikie daraja ya juu. Utupe siha ya kukuabudu, na utufanye miongoni mwa wanaolisha kwa ajili ya radhi zako, wasiotaka malipo wala shukurani.

Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na masahaba zake wote. Amin.